Neno "Kabila" na Uchaguzi wa Mostar

Sisi tunaosoma Kiswahili nchini Burundi hutumia neno "kabila" bila kulipima. Wahutu ni kabila, Watutsi ni kabila, Watwa ni kabila. Tukifika kwenye habari za Bosnia na Herzegovina, Wabosniaki, Wakroatia na Waserbia nao tunawaita makabila. Katika makala hii ninahakiki matumizi hayo kwa kuangalia jambo moja tu: uchaguzi wa baraza na meya wa mji wa Mostar. Hoja yangu ni kwamba neno hili hutufanya tuone chuki ya asili mahali ambapo tungeona kanuni za kuhesabu kura, pamoja na vyama vinavyonufaika nazo.

Tuanze na maana. Kwa kawaida kabila ni watu wenye asili moja, lugha moja na mila zao. Bosnia inashindwa mtihani huo mapema. Makundi yake matatu yanaelewana bila mkalimani, ingawa kila moja huipa lugha jina lake. Kinachoyatenganisha zaidi ni dini, yaani Uislamu, Ukatoliki na Uorthodoksi, pamoja na kumbukumbu za vita vya 1992 hadi 1995 vilivyoua watu wapatao 100,000. Katiba ya nchi hiyo, iliyotoka katika Mkataba wa Dayton wa 1995, inayataja makundi hayo kuwa "narodi" walioiunda nchi, kisha inaongeza neno moja: "Wengine". "Narod" inakaribia zaidi "watu" au "taifa". Hata kwetu kipimo hicho kinayumba, maana Mhutu na Mtutsi wanasema Kirundi kilekile kwenye vilima vilevile.

Sasa tuje Mostar, mji wa watu zaidi ya 100,000 unaokatwa na mto Neretva. Baada ya vita, Wakroatia wengi walikaa upande wa magharibi na Wabosniaki wengi upande wa mashariki, na mji ukagawanywa katika manispaa sita. Mwaka 2004 Mwakilishi Mkuu wa jumuiya ya kimataifa, Paddy Ashdown, aliziunganisha kwa amri. Kanuni zake ziliweka baraza la madiwani 35. Kila moja ya makundi matatu lingepata madiwani wasiopungua 4 na wasiozidi 15, na Wengine wangepata angalau 1. Madiwani 17 walichaguliwa na mji mzima, na 18 waliobaki walitoka katika maeneo sita, watatu kila eneo. Meya alichaguliwa na madiwani, kama ilivyo Tanzania, wakati katika miji mingine mingi ya Bosnia wananchi humchagua meya wao moja kwa moja.

Hapo ndipo tatizo lilipojificha. Eneo lenye watu wachache lilipata madiwani watatu sawa na eneo lenye watu mara kadhaa zaidi, na wakazi wa katikati ya mji hawakuwa na diwani wa eneo hata mmoja. Mwaka 2010 Mahakama ya Katiba ilisema utaratibu huo unavunja usawa wa kura. Ilitakiwa sheria irekebishwe. Haikurekebishwa. Uchaguzi wa Oktoba 2008 ukawa wa mwisho kwa muda mrefu: nchi nzima ilipiga kura za mitaa mwaka 2012 na 2016, Mostar ikatazama tu. Meya aliyekuwapo aliendelea kukaa ofisini, na bajeti ya mji haikuwa na madiwani wa kuijadili.

Kwa nini? Jibu la "makabila yanachukiana" linakuja haraka mdomoni, lakini halielezi yaliyofuata. Irma Baralija, mwalimu wa falsafa mkazi wa Mostar, aliishtaki nchi yake mbele ya Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu. Hakudai haki ya kabila lolote. Alidai kwamba ananyimwa kura na haki ya kugombea kwa sababu tu ya mji anaokaa. Mnamo Oktoba 2019 alishinda. Juni 2020 viongozi wa vyama viwili vikubwa, HDZ cha Wakroatia na SDA cha Wabosniaki, walitia saini makubaliano, na tarehe 20 Desemba 2020 watu wakapiga kura. HDZ ilipata viti 13, muungano wa SDA viti 11, na Baralija mwenyewe akawa diwani. Februari 2021 baraza lilimchagua Mario Kordić wa HDZ kuwa meya.

Kama kizuizi kingekuwa chuki ya damu, saini za watu wawili zisingekiondoa. Vyama hivyo viwili ndivyo vilivyoshindwa kukubaliana kwa miaka yote hiyo, kila kimoja kikiogopa kanuni zitakazokipunguzia viti. Neno "kabila" huwasafisha: lawama inawaangukia wananchi wote, na waliokalia sheria hawatajwi.

Msomaji anaweza kuniuliza kama ninataka viti vya makundi vifutwe. Mrundi hawezi kulisema hilo kwa wepesi. Mkataba wa Arusha wa mwaka 2000 ulitutoa vitani kwa njia hiyohiyo ya mgawanyo, na katiba yetu ya 2005 ikaweka kwamba katika nchi nzima hakuna kundi litakalopata zaidi ya asilimia 67 ya wasimamizi wa komini. Bosnia nayo inaonyesha hatari ya wingi mtupu. Srebrenica, ambako zaidi ya wanaume na wavulana 8,000 wa Kibosniaki waliuawa Julai 1995, ilimpata mwaka 2016, kwa kura za wengi, meya Mserbia anayekataa kuyaita mauaji hayo ya kimbari. Kwa hiyo mgawanyo ni kama gango la mfupa uliovunjika: linahitajika. Lakini anayelifunga lazima aulizwe lini litapimwa tena, na nani analipwa likiendelea kukaa.

Ninapendekeza basi kwamba katika insha na tafsiri zetu tuandike "jamii tatu zinazotajwa na katiba", na tuvitaje vyama kwa majina yao. Pia tusiwasahau Wengine: Waroma, Wayahudi, na raia asiyetaka kuhesabiwa upande wowote. Kwenye lugha ya makabila mtu huyo hana jina, na asiye na jina ni rahisi kumnyima kura.