Bakuli la ghorofa tatu limefika Salamabila!

Nimelifungua! Mikono bado inanukia sabuni niliyolioshea. Bakuli la chuma cha pua, kile kisichoshika kutu, ghorofa tatu, mkono wa kubebea juu, vibanio viwili ubavuni vinavyolia "tak!" ukivifunga. Hiyo "tak!" nimeisubiri tangu mtoto wangu wa kwanza aanze shule. Limekuja kwa pikipiki, limebanwa kati ya magunia, kwa barabara ya Kasongo ambayo wote tunajua inavyopiga mizigo. Limefika bila kubonyea hata mahali pamoja.

Sikungoja. Alfajiri yake nikapakia: wali chini, sombe ya mawese na karanga katikati, ndagala wa kukaanga juu. Ndizi mbivu nikaiweka pembeni ya mfuko wa daftari, maana ndizi imezaliwa na chombo chake. Mtoto akaenda. Saa saba mchana karudi, nikafungua ghorofa ya kati kwa moyo unaodunda. Tupu! Sombe yote imeliwa!

Mama mwenzangu unayepakia chakula kila asubuhi unajua uzito wa habari hii. Miaka yote nilikuwa nafunga kwenye sashe ya plastiki. Chakula cha moto kinailainisha, mchuzi unapenya, ndagala wanavunjika, na ukifika wakati wa kula kila kitu kimekuwa uji wa kijani. Mtoto anachokora wali wa pembeni, mboga inarudi nyumbani. Kumbe hakuwa anakataa sombe. Alikuwa anakataa ule mchanganyiko! Ukuta mwembamba wa chuma umemaliza ugomvi ambao mimi nilidhani ni wa ulimi.

Na chakula chetu ndicho hasa kinachostahili kufika salama. Mawese mekundu yana kinachogeuka vitamini A mwilini. Ndagala huliwa na mifupa yake, basi mtoto anapata kalisi. Karanga na maharage vinajenga mwili. Sombe yenyewe itwangwe vizuri na ichemke muda mrefu, kwa sababu majani mabichi ya muhogo yana sumu ya sianidi. Hapo usifanye haraka hata kama jua linachomoza. Na wali! Mpunga ulishika mizizi Maniema karne ya 19, pamoja na wafanyabiashara Waswahili na Waarabu, Kasongo ilipokuwa makao ya Tippu Tip. Chakula chenye ukoo kama huo nilikuwa nakifungia kwenye sashe nyeusi.

Hesabu nayo imenishtua. Nyumbani kwetu tuko watano tunaokula nje: watoto watatu shuleni, baba yao machimboni, mimi shambani. Sashe tano kwa siku, siku sita kwa wiki, ni 30. Kwa mwaka zinapita 1,500, za nyumba moja! Nchi yetu ya Kongo ilitoa amri ya kuzipiga marufuku tarehe 30 Desemba 2017. Kenya walikuwa wametangulia Agosti mwaka huohuo, Tanzania wakafuata Juni 2019. Lakini pita sokoni kwetu leo utazame mitaro. Bakuli hili haliuachii mtaro kitu chochote.

Sasa mapungufu, maana nalipenda lakini sitawaficha. Kwanza, si termosi. Joto linatoka upesi, na wali uliopoa polepole hadi mchana unaweza kuotesha vijidudu vinavyoharisha. Shirika la Afya Duniani linashauri chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa mbili, la sivyo kibaki na joto la zaidi ya nyuzi 60. Kwa hiyo mimi napakia kikiwa bado kinatoa mvuke, nazungusha kitenge mara mbili, na mtoto anakula mapumziko ya kwanza, hangoji ya mwisho. Mume wangu anayeondoka kabla ya jua simpi wali. Yeye anabeba muhogo wa kuchoma, karanga na ndizi, vitu visivyoogopa mchana.

Pili, halina mpira kwenye kifuniko, hivyo mchuzi mwepesi unavuja. Dawa yake nimeipata kwa bibi yangu! Jani la mgomba, lipitishe juu ya moto mpaka lilainike na kung'aa, litandike ndani ya ghorofa, funika. Halivuji tena, na sombe inapata harufu ambayo hakuna duka linaloiuza. Wazee wetu walifungia kwanga na samaki kwenye majani, wakala, wakatupa, ardhi ikayala. Chuma na jani vinaelewana ajabu.

Usiyeweza kulinunua sasa, usikae. Bakuli la enameli lenye kifuniko, lifungwe kwa kitambaa safi, linafanya kazi nzuri. Hivyo ndivyo wadogo wawili wanavyobeba kwangu wiki hii. Kopo la maziwa ya unga pia linafaa kwa karanga na matunda. Ila hapa kwetu penye dhahabu nasema kwa sauti: chombo chochote kilichowahi kushika zebaki, mafuta ya gari au dawa ya shamba kisiguse chakula, hata ukikisugua kwa majivu siku nzima. Zebaki haitoki kwa kusugua, na mtoto ndiye inayemuumiza zaidi. Karai la kuoshea mchanga wa dhahabu libaki la mchanga.

Kuosha ni rahisi mno. Maji ya moto, sabuni, kijiti chenye kitambaa kwenye pembe za vibanio ambako mawese yanapenda kujificha, kisha juani likiwa wazi. Dakika chache tu, na harufu ya ndagala haibaki, tofauti na plastiki inayoishika mpaka uchoke.

Uamuzi wangu baada ya siku tatu: linunue ukiliona, usilizunguke mara mbili. Na ninyi wenye maduka ya Salamabila, pikipiki ijayo ikitoka Kasongo, tafadhali leteni mengine. Mimi peke yangu nataka manne.