Kumpima Fundi wa Excel

Anayetaka kumtambua fundi wa Excel katika ofisi za utalii za Arusha asianze kwa kumuuliza anajua fanksheni ngapi. Programu hiyo ina zaidi ya 450, na tangu toleo la 2007 karatasi yake moja inabeba mistari 1,048,576 na safu 16,384. Sidhani yupo anayevijua vyote vilivyomo, na kampuni inayopandisha wageni Mlima Meru inaweza kuishi miaka kwa kutumia sehemu ndogo sana ya hivyo. Hata hivyo matangazo ya kazi yanadai “ujuzi wa hali ya juu”, waombaji wanaambatanisha vyeti, na usaili unageuka kuwa mtihani wa majina ya fomula. Kipimo hicho kinadanganya. Fundi hupimwa kwa namna alivyozama katika mambo machache anayoyashika kila siku, na kwa kujua wapi chombo chake kinaishia.

Tuchukue kazi ya kawaida kabisa: kotesheni ya kupanda Meru kwa siku nne, na malazi ya usiku tatu katika vibanda vya Miriakamba na Saddle. Ada ya kuingia hifadhini inahesabiwa kwa kila mgeni, kibanda kwa kila mgeni kwa kila usiku. Askari wa hifadhi mwenye bunduki, ambaye hakwepeki kwa sababu njia ya Meru ina nyati, ni wa kikundi kizima. Gari la kuwafikisha geti la Momella linalipiwa kama gari, liwe limejaa au lina watu wawili. Wapagazi wanaongezeka kadiri mizigo inavyoongezeka. Hesabu yote hiyo ni kujumlisha, kuzidisha na kugawanya. SUM, IF, ROUNDUP na fanksheni moja ya kutafuta bei kwenye orodha zinaimaliza. Ugumu uko katika kujua gharama ipi inazidishwa kwa idadi ya wageni na ipi inagawanywa kwao, na hilo halifundishwi na programu yoyote. Mgeni wa nane anapojiunga na kikundi kinachotumia gari la viti saba, kugawanya kwa kawaida kunaleta gari 1.14, kitu ambacho hakuna gereji iliyowahi kukiona. ROUNDUP inaleta magari mawili, na gharama ya usafiri kwa kila mgeni inapanda ghafla, huku muuzaji ameshaahidi kwamba kikundi kikikua bei inashuka. Fanksheni ni ndogo. Aliyeelewa kwamba inahitajika hapo ndiye fundi.

Kodi nayo inawaumbua wengi. Julai 2016 huduma za utalii Tanzania zilianza kutozwa VAT ya asilimia 18. Kuiongeza hakumsumbui mtu: dola 100 inakuwa 118. Tatizo linakuja pale bei iliyopokelewa tayari ina VAT ndani yake na mtu anataka kujua bei halisi ni ipi. Asiyejua anaondoa asilimia 18 ya 118 na kubaki na 96.76, yaani dola 3.24 zimeyeyuka bila mwizi. Anayejua anagawanya kwa 1.18 na kurudi kwenye 100. Excel haitamwonya yule wa kwanza. Itampa jibu lake safi, lenye tarakimu mbili za desimali na rangi yoyote anayoitaka.

Kwa hiyo mkaguzi wa kazi hii afungue faili, asitazame rangi, abonyeze seli yenye bei ya mwisho. Akikuta 1.18 imeandikwa ndani ya fomula, na kiwango cha kubadilishia dola kimerudiwa kwenye seli kumi na mbili tofauti, hiyo ni kazi dhaifu hata kama aliyeifanya ana cheti cha wiki sita. Kazi nzuri ina karatasi moja ya viwango: ada za wageni kutoka nje kwa dola, ada za raia wa Afrika Mashariki kwa shilingi, kodi, kiwango cha kubadilishia fedha, kila kimoja katika seli yake, na kando yake tarehe kilipoanza kutumika. Tarehe hiyo si pambo. Mwaka wa fedha wa serikali, unaoweza kuja na viwango vipya, unaanza Julai 1, watalii wakiwa wengi, na kotesheni ya kikundi cha Julai huenda ilitumwa mwaka mmoja kabla. Karatasi ya viwango inabadilishwa mara moja, na bei zote zinafuata, mradi mtengenezaji alijua kufunga anwani ya seli kwa kuandika $B$2 badala ya B2. (Alama hiyo ya dola haihusiani na fedha, ingawa ikikosekana inaweza kuzigharimu.) Atazame pia tarehe za wageni. Kompyuta iliyoachwa kwenye mpangilio wa Kimarekani inaisoma 3/7 kuwa Machi 7, wakati ofisi ilimaanisha Julai 3, na hakuna fomula itakayolia. Ugonjwa huu wa tarehe ni wa dunia nzima: mwaka 2020 kamati inayosimamia majina ya jeni za binadamu ilitangaza kubadilisha majina kama MARCH1 na SEPT1, kwa sababu Excel ilikuwa ikiyageuza kuwa tarehe.

Kwamba makosa makubwa hutoka kwenye mambo madogo, ushahidi upo. Mwaka 2010 wachumi wawili, Carmen Reinhart na Kenneth Rogoff, walichapisha utafiti kuhusu deni la taifa na ukuaji wa uchumi, ukanukuliwa na wanasiasa waliotaka serikali zibane matumizi. Mwaka 2013 Thomas Herndon, aliyekuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Massachusetts Amherst, aliifungua faili yao na kukuta, pamoja na kasoro nyingine, wastani ambao haukushika mistari yote: Australia, Austria, Ubelgiji, Kanada na Denmaki ziliachwa nje. Fanksheni ya wastani ni ya somo la kwanza. Kilichokosekana ni mazoea ya kutazama fomula imeanzia wapi na imeishia wapi, na mazoea hayo ndiyo yanayookoa kotesheni pale mpagazi wa ziada anapoongezwa chini ya mstari wa mwisho wa SUM.

Mtu atapinga kwamba anayejua machache hajui hata anachokikosa. Pingamizi hili lina uzito, na Uingereza imelilipia. Mwanzoni mwa Oktoba 2020 ilibainika kwamba watu 15,841 waliokutwa na korona hawakuwa wameingia kwenye takwimu kwa wakati, kwa sababu matokeo yao yalipitishwa kwenye muundo wa zamani wa faili za Excel unaokoma kwenye mstari wa 65,536. Lakini tuangalie ni ujuzi gani uliokosekana. Hawakuhitaji fanksheni mia zaidi. Walihitaji kujua mpaka wa chombo. Vivyo hivyo karani wa Arusha anayehesabu kwa mkono, kutwa nzima, wageni wa mwaka wametoka nchi gani na kupitia mawakala gani, anapaswa kujua kwamba PivotTable, zana ya Excel ya kufanya hesabu hiyo, ipo. Kujua kuwa ipo kunatosha. Siku akiihitaji atajifunza kuitumia kwa mchana mmoja, na akijifunza mwaka mzima kabla ya kuihitaji ataisahau. Kozi za kompyuta nazikubali kwa kiasi hicho: zimwoneshe mwanafunzi ramani ya yaliyomo, kisha zimkalishe muda mrefu kwenye anwani za seli, tarehe na ukaguzi wa hesabu. Zipo pia programu maalumu za kukokotoa bei za safari, na ni nzuri kwa ofisi kubwa, ila nazo zinamsubiri mtu wa kuziambia kama ada ni ya kichwa au ya gari.

Mwajiri ampe mwombaji faili ya Meru yenye makosa matatu: VAT iliyotolewa kwa kuondoa asilimia, SUM isiyofika mstari wa mwisho, na tarehe iliyogeuka. Ampe nusu saa. Kisha idadi ya wageni ibadilishwe kutoka saba kuwa nane, naye aeleze kwa maneno ya kawaida, kama anavyomweleza mteja, kwa nini bei imesogea. Akipata makosa mawili kati ya matatu na maelezo yake yakaeleweka, anafaa. Na yule ambaye kabla ya kugusa kibodi ameuliza, “Viwango hivi vilianza kutumika lini?” apewe kazi hata kama hajawahi kusikia habari za PivotTable.