Sauti ya Shata Si Kipimo: Canon AE-1, Pentax K1000 na Ushauri Tunaopewa

Ukiuliza popote ununue kamera gani ya mkanda ya mtumba, utajibiwa moja kati ya mbili: Canon AE-1 au Pentax K1000. Zote zilitoka mwaka 1976, zote zinatumia mkanda wa milimita 35, na zote zilitengenezwa kwa wingi kiasi kwamba mpaka leo zinapatikana. Ushauri huo si wa uongo. Shida yangu nao ni kwamba unakupa jina la modeli halafu unakuacha hapo hapo. Ile kamera moja iliyo mkononi mwa muuzaji, ambayo huenda imekuzidi umri wewe na kaka yako, haizungumziwi kabisa.

Mimi niliufuata ushauri wa aina hiyo, kwa kamera ya jina jingine kabisa ambalo sitalitaja. Muuzaji aliibonyeza mbele yangu, klak, akasema, "Sikia mwenyewe, inalia vizuri." Nikasikia. Nikalipa. Wiki iliyofuata nikaenda nayo Tanga, ambako mdogo wake bibi alikuwa amekuja kutoka Pemba baada ya miaka mingi. Nikawaweka wote wawili barazani, jua la saa sita, nikapiga mkanda karibu wote.

Picha ziliposafishwa, zile chache za ndani ya nyumba nilizopiga kwa spidi ya 1/60 zilikuwa safi kabisa. Zile za barazani, zote za 1/1000, zilikuwa na bibi upande wa kushoto, halafu picha inafifia taratibu kuelekea kulia mpaka inakuwa nyeusi tii. Mgeni wetu hayupo hata kwenye moja. Alisharudi Pemba, na hatukuwahi kuwapata wawili hao pamoja tena.

Muuzaji hakunidanganya. Shata ililia kweli. Ila sauti si kipimo, na hilo ndilo nataka tulichambue.

Pazia mbili zinazofukuzana

Kwenye kamera hizi shata ni pazia mbili za kitambaa zinazopita mbele ya mkanda kutoka upande mmoja hadi mwingine. La kwanza linafungua njia ya mwanga, la pili linakuja nyuma yake kufunga. Safari ya kila pazia kuvuka milimita 36 za fremu inachukua zaidi ya milisekunde 10. Sasa jiulize: kama pazia linahitaji milisekunde zaidi ya 10 kuvuka, unapataje picha ya 1/1000, yaani milisekunde moja tu?

Jibu ni kwamba fremu haifunguki yote kwa wakati mmoja. Pazia la pili linaondoka mapema, likimfukuza mwenzake, na kati yao unabaki mwanya mwembamba wa milimita mbili au tatu hivi unaotembea kama mtu anayepaka rangi ukutani. Kwa 1/60 fremu yote inakuwa wazi kwa kitambo, ndiyo maana kwenye AE-1 na K1000 spidi hiyo ndiyo ya mwisho unayoweza kutumia na flashi.

Grisi ikikauka, pazia la kwanza linachelewa njiani. Kwa 1/60 hakuna atakayegundua. Kwa 1/1000, ule mwanya wa milimita mbili unazidi kupungua, pazia la pili linamkuta mwenzake, na kuanzia hapo mkanda hauoni kitu. Ndipo alipokuwa amekaa mgeni wetu.

AE-1: kompyuta inayosubiri betri

Canon waliitangaza AE-1 kama kamera yenye kompyuta ndani, na ilikuwa kweli: ni katika kamera za kwanza kabisa kuendeshwa na maikroprosesa. Unachagua spidi, yenyewe inachagua tundu la lenzi. Kipima mwanga chake ni cha silikoni, kinachoitikia haraka kuliko vile vya kadmiamu salfaidi vilivyozoeleka kabla yake. Kwa anayeanza, hiyo ni raha.

Lawama inayoisakama ni moja: bila betri ya volti 6 haipigi hata picha moja. Watu wanaisema kama ila kubwa. Mimi naiona tofauti kidogo. Kamera inayogoma kabisa inakuambia ukweli pale pale. Unanunua betri, maisha yanaendelea. Ila ninayoiogopa zaidi ni ile isiyogoma.

Na hapo AE-1 haijasalimika. Kompyuta yake inajua ni lini imeliachia pazia la pili. Haijui pazia limefika lini. Kazi ya kukimbia bado ni ya springi na grisi kama kamera nyingine yoyote. Pia wengi wanaijua ile sauti yake ya kukohoa au kulia kama mlango usiotiwa mafuta, dalili ya mafuta yaliyokauka kwenye gia zinazoendesha kioo. Ukiisikia, usicheke na muuzaji. Punguza bei ya fundi, au achana nayo. Na bodi ya umeme ikifa, ujuzi wa fundi pekee hautoshi, maana inabidi apatikane AE-1 nyingine ya kuchinjwa vipuri.

K1000: sifa zake na uvivu wetu

K1000 iliendelea kutengenezwa mpaka 1997, na sifa yake kuu ni umaskini wake. Haina kujipiga kwa kuchelewa, haina kuchagua chochote kwa niaba yako. Shata ni ya kimakanika mtupu, betri ndogo ni ya kipima mwanga tu. Ikiisha unaendelea kupiga kwa kukadiria: jua kali, tundu f/16, spidi ikaribiane na namba ya ISO ya mkanda. Kipima mwanga hakina swichi ya kuzima, kwa hiyo ukiiacha bila kifuniko cha lenzi inaendelea kula betri. Kasoro ndogo, inazoeleka.

Kinachonikera ni kauli inayoandamana nayo kila mahali: "ni ya chuma, haifi." Haifi ndiyo, lakini inachoka kimya kimya. Kamera ya kimakanika iliyochoka haikupi onyo. Inalia klak ile ile, inavuta mkanda vile vile, huku 1/1000 imekuwa kitu kingine. Utetezi wa kweli wa K1000 ni kwamba fundi mzuri wa kamera au hata wa saa anaweza kuifungua, kuisafisha na kuirudisha kwenye mstari, kwa sababu ndani ni springi na gia. Hilo la "haifi" ni maneno ya kuuzia.

Sifa nyingine wanayostahili wote wawili haisemwi sana: betri zao bado zipo madukani. Olympus OM-1, kamera nzuri mno ya miaka ya 1970, ilitengenezwa kwa betri ya zebaki ya volti 1.35, na betri hizo ziliondolewa sokoni kwa sababu za afya na mazingira. Ukiweka ya kawaida ya volti 1.5, kipimo kinakosea mpaka fundi airekebishe.

Kwani tunanunua nini hasa?

Wapo watakaokwambia mkanda una ubora kuliko dijitali. Tupige hesabu. Fremu ni milimita 24 kwa 36. Ukiiskani kwa nukta 4,000 kwa inchi unapata takriban nukta 5,670 kwa 3,780, kama megapikseli 21. Si haba, lakini nyingi katika hizo zinachora chembe za fedha au rangi za mkanda wenyewe, si nywele za bibi yako. Kwa ukali wa picha, kamera nyingi za dijitali za leo zinashinda bila jasho.

Tofauti iliyo muhimu ni ya muda wa kupata majibu. Ukikosea na simu, unajua baada ya sekunde moja, unarudia. Kwenye mkanda, mwanga unaacha alama ya atomi chache tu za fedha ndani ya kila chembe iliyoguswa. Alama hiyo haionekani kwa jicho mpaka dawa iikuze. Kati ya kosa na habari ya kosa kunaweza kupita mwezi mzima. Ndiyo maana kwa kamera ya mkanda upimaji hufanyika kabla, ukiwa dukani, na muuzaji akikununia mwache anune.

Dakika kumi dukani

Kwanza, fungua mlango wa nyuma, kamera ikiwa haina mkanda. Weka 1/1000, elekeza lenzi kwenye anga au ukuta mweupe wenye jua, tazama kwa nyuma huku ukibonyeza. Unapaswa kuona mstatili wote ukimulika. Upande mmoja ukibaki giza, hiyo ndiyo kamera yangu ya Tanga. Rudia mara kumi, na uizingatie zaidi ile ya kwanza, maana kamera iliyolala muda mrefu hujifichua hapo. Pazia usiliguse kwa kidole.

Pili, spidi za chini zipime kwa simu yenye video ya fremu 240 kwa sekunde. Kwa 1/30 mwanga uonekane kwenye fremu 8 hivi, na kwa sekunde moja, 240 hivi. Juu ya 1/125 simu haikufai tena, rudi kwenye jicho.

Tatu, fungua tundu la lenzi lote, mulika kwa tochi kutoka upande mmoja ukitazama upande wa pili. Nyuzi nyuzi kama utando wa buibui ni kuvu. Sisi wa pwani tunaijua: inapenda unyevu na giza la kabati, na ikikaa inakula utando wa kioo. Vumbi kidogo halina neno.

Nne, gusa sponji nyeusi kwenye mifereji ya mlango. Ikinata kama lami, imeoza na mwanga utapenya. Ni matengenezo rahisi, ila yaingie kwenye bei.

Tano, kabla ya kulipa, ulizia nani atakusafishia mkanda na kwa kiasi gani. Jumlisha bei ya mkanda, kusafisha na kuskani, gawa kwa 36. Namba hiyo ndiyo bei halisi ya kila kubonyeza. Nyeusi na nyeupe unaweza kusafisha mwenyewe nyumbani, lakini jua kwamba maelekezo mengi ni ya nyuzijoto 20, na maji ya bomba Dar au Mombasa hayajawahi kusikia habari hiyo. Andaa barafu.

Hukumu yangu? Kama hali ni sawa na fundi yupo, chukua K1000. Kama AE-1 imepita majaribio na K1000 haijapita, chukua AE-1 bila kusita. Iliyopimwa na isiyo na jina inaishinda yenye jina isiyopimwa.

Na mkanda wa kwanza piga ukuta, embe, paka wa jirani. Wageni kutoka Pemba wasubiri wa pili.