Sikio Lilitangulia Jicho

Riwaya ya Takadini ya Ben Hanson ilitoka kwa Kiswahili mwaka 2004, na kwa miaka mingi imesomwa kidato cha tatu na cha nne. Wengi wetu tuliipitia mbiombio, tukiokota dhamira na wahusika kwa ajili ya mtihani. Nimeirudia sasa polepole, nikiutazama mkono wa fundi.

Hadithi ni ya Washona wa Zimbabwe, lakini msomaji wa Mugeta, wilayani Bunda, haoni ugeni. Boma la wake wenza, mganga, mtemi: hayo anayajua. Butiama iko jirani, na huko ndiko Mtemi Nyerere Burito, baba yake Mwalimu, alikotawala Wazanaki.

Tazama Hanson anavyoanza. Kabla ya mtoto yupo Sekai, mke mkubwa wa Makwati, aliyekaa miaka mingi bila kushika mimba huku wenzake wakizaa. Tunasikia kiu yake, tunangoja naye. Ndipo mtoto anazaliwa, na ni sope, mwenye ualbino, ambaye mila inataka auawe. Mwandishi angeanza na ngozi, sote tungeanza kwa kumkagua mtoto. Ameanza na kilio cha mama, kwa hiyo tunapoiona ngozi, mtoto amekwisha kuwa wetu. Sekai anapomfunga mgongoni na kutoroka usiku, tunatoroka pamoja naye.

Kisha jina. Kwa Kishona, Takadini ni swali: sisi tumefanya nini? Mama analiuliza kwa uchungu, kwa kuwa hajui kosa lake. Lakini jina huitwa na watu wote. Ugenini watoto wanapomkwepa, kijana Nhamo anapomwonea, kila anayelitamka jina hilo analibeba swali kinywani mwake. Hakuna herufi iliyobadilika, ila swali limehama: limetoka kwa aliyeonewa, limetua kwa mwonevu. Hanson haliwekei mstari. Analiacha liitwe, liitwe tena, hadi msomaji alisikie mwenyewe.

Ukoo nao anaujenga kwa utulivu huohuo. Mzee Chivero, mganga, anawapokea mama na mwana, na kijana anapokua anamrithisha ujuzi wa miti na dawa. Anayekufundisha kazi yake amekwisha kukuita mwanangu.

Kinachonigusa zaidi ni mbira. Mwandishi hakumpa Takadini ngumi za kumlipizia Nhamo. Alimpa mzee Kutukwa, aliyemfundisha kupiga ala hiyo. Mkoani Mara, aliyewahi kukaa gizani akasikiliza litungu la Wakurya ataelewa: nyuzi zikishalia, hakuna anayeuliza vidole ni vya rangi gani. Wanakijiji walimkataa kwa macho, wakaanza kumpokea kwa masikio. Shingai, msichana anayempenda, alikuwa amemsikia mapema kuliko wote.

Miaka michache baada ya kitabu kufika kwa Kiswahili, mauaji ya watu wenye ualbino yaliitia doa Kanda yetu ya Ziwa. Kitabu hakizuii panga, najua. Lakini panga hutanguliwa na maneno, na maneno hujifunzwa utotoni, njiani kwenda shule, pale mmoja anapozomewa kwa sababu ya kofia yake pana na mikono mirefu ya shati inayomkinga na jua, au darasani, anapoomba kukaa mbele kwa sababu macho yake hayaoni ubao vizuri.

Ndiyo maana napenda kitabu hiki kikisomwa kwa sauti, kama ilivyo desturi pale nakala zinapokuwa chache: mmoja anasoma, darasa zima linasikiliza. Kijana mwenye kuzomea naye ikifika zamu yake atasimama, atafungua ukurasa, atalitamka jina lile. Takadini. Sisi tumefanya nini? Na mwenzake aliyeketi dawati la mbele atakuwa anamsikia.