Mungu Anakaa Wapi? Neno Shekhina, Tukilisoma Koboko

Jirani yetu mmoja hapa Lobule alifiwa na mtoto. Kwenye matanga mhubiri alisimama akatufariji kwa maneno tuliyoyazoea: "Mungu iko kila pahali." Sote tukaitika amina. Mwenye kufiwa hakuitika. Baadaye, tukiwa tunaosha masufuria, akaniuliza polepole: "Sawa, iko kila pahali. Lakini usiku ule, kwangu, alikuwa anakaa wapi?"

Sikuwa na jibu, na sasa pia sina. Lakini swali lake limenifanya nisome upya neno moja la Wayahudi, Shekhina, na nataka kulijadili hapa kwa sababu naona tunalitumia vibaya bila hata kulitaja.

Tuanze na Kiswahili chetu. Kile cha darasani kina yupo, yuko na yumo. Yupo ni pale panapojulikana, yuko ni huko, yumo ni ndani. Sisi tuliotoka upande wa Aru tumezitupa zote tatu, tunasema "iko" tu, mambo yanaenda. Sasa yule mama hakukosea sarufi. Aliacha "iko" akachukua "kukaa". Kuwa kila pahali ni jambo moja, kukaa kwa mtu ni jambo lingine kabisa. Hewa iko kila pahali, lakini hakuna mtu aliyewahi kusema kwamba hewa imekuja kukaa naye matangani.

Shekhina linasimama hapo hapo. Halimo katika Biblia ya Kiebrania. Ni marabi waliolitumia, katika Talmudi na vitabu vingine vyao, kutaja Mungu anapokuwa karibu na watu. Mzizi wake ni kukaa, kutua. Kutoka mzizi huo lile hema la jangwani linaitwa mishkani, na Biblia yetu ya Union inaliita maskani. Kufanana huko si bahati. Maskani tumelipata kwa Waarabu, na Kiarabu na Kiebrania ni ndugu. Wenzetu Waislamu nao wana sakina, utulivu unaoshushwa na Mola. Katika Surat al-Baqara unatajwa pamoja na sanduku la Waisraeli.

Angalia sasa hilo hema lilivyokuwa. Mapazia, mbao, ngozi, vyote vya kufungua na kubeba. Sanduku lilikuwa na miti miwili ya kulibebea, na amri katika Kutoka 25 ni kwamba miti hiyo isitolewe kamwe, hata watu wakiwa wamepumzika. Aliyewahi kulala miezi na mzigo umefungwa karibu na mlango ataelewa mara moja.

Baadaye likajengwa hekalu la mawe Yerusalemu, na watu wakazoea kwamba Mungu ana anwani. Hekalu likachomwa na Wababeli mwaka 586 kabla ya Kristo. La pili likaharibiwa na Warumi mwaka 70. Sasa swali la yule mama likawa swali la taifa zima: alikuwa anakaa wapi? Ezekieli, mwenyewe akiwa mhamishwa Babeli, aliona utukufu ukiinuka na kutoka hekaluni. Marabi wakasogea hatua moja zaidi. Katika Talmudi, Rabi Shimon bar Yochai anafundisha kwamba kila mahali Waisraeli walipohamishwa, Misri, Babeli, Shekhina ilihamishwa pamoja nao. Tuseme kwa lugha yetu: Mungu naye alivuka mpaka.

Ni wazo zuri sana, na hapo ndipo penye hatari. Nimesikia mahubiri mengi yenye wazo hili bila jina lake: Mungu alikimbia pamoja nasi, basi tulieni, msilalamike, posho ikipungua mshukuru. Hapana. Huko ni kuchukua nusu ya wazo na kuacha ile nusu yenye kazi. Katika Torati, hema halikushuka kutoka mbinguni. Watu walileta walichokuwa nacho, shaba, sufu, ngozi, mafuta ya taa, ndipo pakawa na mahali pa kukaa. Marabi nao wanasema Shekhina iko kati ya watu wawili wanaokaa pamoja na kuzungumza maneno ya Torati. Iko kwa kumi wanaosali. Iko juu ya kichwa cha mgonjwa, kiasi kwamba anayekuja kumtazama asikalie kitanda chake kwa dharau. Unaona? Kila mara kuna mtu amekuja, ameketi, amefanya kitu.

Wazo lenyewe lina udhaifu pia, tusilipambe. Wayahudi wenyewe wamelipinga kutoka ndani. Torati inasema Mungu huweza kuuficha uso wake, na baada ya mauaji ya Wanazi wengi wao waliuliza Shekhina ilikuwa wapi, na wengine hawakupata jibu. Na kuna hatari ya pili: mtu akiamini Mungu amehama pamoja naye, ni rahisi kuamini kwamba amewahama wengine.

Hapa Koboko hatari hiyo ina historia. Karibu na Mbale, mashariki mwa Uganda, wapo Abayudaya, Waganda Wayahudi. Jumuiya yao ilianzishwa na Semei Kakungulu mwaka 1919. Idi Amin alipotawala, kuanzia 1971, dini yao ilipigwa marufuku. Wengi wakabadili dini. Waliobaki wakasali kwa siri. Mwaka 1979 Amin akaanguka, nao wakatoka tena mchana. Leo wana sinagogi juu ya kilima cha Nabugoye, na mmoja wao, Gershom Sizomu, alipata urabi Marekani mwaka 2008.

Lakini Amin alikuwa Mkakwa, wa ukoo wa hapa Koboko. Alipoanguka, kisasi kikawaangukia watu wa West Nile, hata wale ambao hawakuwahi kushika bunduki. Wakakimbilia Sudan na Zaire, yaani kwetu. Wazee wa hapa bado wanataja Aru na Ariwara kama sehemu walikolala. Sasa jiulize: mwaka ule ule Abayudaya wanafungua milango yao, mama Mkakwa anavuka mpaka na mtoto mgongoni. Shekhina ilikuwa kwa nani?

Mimi nasema wazo la Shekhina ni la kweli tu kama linaweza kujibu: kwa wote wawili. Kama haliwezi, ni bendera ya kabila, na bendera tumeona za kutosha. Sidhani nawageuzia marabi maneno yao. Kwa Kiebrania, mzizi ule ule wa kukaa unazaa neno lingine, shakhen, maana yake jirani.

Hilo ndilo lililonirudisha kwa yule mama. Usiku ambao mtoto wake alikufa, kabla ya mhubiri, kabla ya amina zetu, alikuja bibi mmoja wa hapa, Mkakwa, ambaye mashamba yao yanapakana. Hakuhubiri. Alikuja na mkeka, akaketi mpaka asubuhi. Yule bibi alikulia ukimbizini, Zaire.

Sitamwambia mama kwamba bibi yule ndiye Shekhina. Angenicheka, na marabi wangenikemea. Ila akiniuliza tena usiku ule Mungu alikuwa anakaa wapi, sitamjibu kwa "kila pahali". Nitamuuliza kwanza nani alikaa naye, halafu ninyamaze nimsikilize.