Ufungaji, Kiungo au Kikalimani? Juu ya Istilahi Moja ya Kompyuta

Miongoni mwa istilahi za kompyuta ambazo bado hazijakaa vizuri katika Kiswahili ni jina la programu inayowezesha lugha moja ya kompyuta kutumia kazi iliyokwisha kufanywa kwa lugha nyingine. Yafaa kwanza tulieleze jambo lenyewe, kwani istilahi hupimwa kwa kazi yake.

Maktaba ya programu iitwayo LAPACK, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 1992 na kuandikwa kwa lugha ya Fortran, hukokotoa milinganyo mingi kwa pamoja. Mwalimu wa hisabati wa Korogwe atumiaye lugha ya Python halazimiki kujua Fortran. Huandika ombi lake kwa Python, na programu iliyo katikati hulipeleka upande wa pili, kisha huleta jawabu. Lakini kazi yake si kupeleka tu. Hugeuza orodha za namba ziwe za namna ijulikanayo upande wa pili. Hulieleza kosa kwa maneno ambayo mwombaji atayafahamu. Tena huangalia ni upande upi wenye wajibu wa kuachilia nafasi ya kumbukumbu baada ya kazi. Hilo la mwisho likikosewa, programu nzima huweza kuanguka. Mtumishi wa serikali anayeagiza mfumo, asipokuwa na jina la sehemu hii, atashindwa hata kuuliza kosa liko wapi.

Mfasiri afuataye Kiingereza neno kwa neno atasema "ufungaji" au "ujalidi". Yote mawili twayakataa. Korogwe, penye mashamba ya katani, ufungaji ni wa marobota. Nao ujalidi, ukiandamana na "maktaba", utamfanya msomaji aone vitabu vikishonwa. "Kiungo" kimekwisha kuelemewa: sokoni Handeni ni cha mchuzi, hospitalini ni cha mwili. "Kiunganishi" ni mali ya sarufi.

Sisi twapendekeza "kikalimani". Katika wilaya hizi mbili, ambamo Kizigua, Kisambaa na Kibondei huishi jirani, haihitaji maelezo marefu kwamba mfasiri hushughulika na maandishi, ilhali mkalimani husimama baina ya wasemaji mazungumzo yakiendelea. Programu hii nayo hufanya hivyo wakati kompyuta iko kazini. Huenda ikadaiwa kwamba ki- hudunisha. Lakini "kiongozi" na "kinyozi" hawakudunishwa nayo, na "kikokotoo" ni chombo kinachoheshimika.

Hata hivyo, hatufungi mlango. "Kitivo" lilitwaliwa kutoka lugha za milima ya Usambara na Upare, lilikokuwa na maana ya ardhi yenye rutuba, nalo leo limekita mizizi katika vyuo vikuu vyetu. Walimu wa Handeni na Korogwe wenye neno bora zaidi kutoka lugha zao wasisite kulileta, tulipime pamoja kabla "ufungaji" halijazoeleka.