Betri Nane, Mnyororo Mmoja

Betri za kigari cha gofu cha umeme hukaa chini ya kiti, na mchezaji hazioni mpaka siku kigari kinapogoma katikati ya uwanja. Katika baadhi ya vigari vya volti 48 huwa ni betri nane za volti sita, kila moja ikiwa na uzito wa kilo 28 hivi. Vigari vya volti 36 hutumia sita. Hizi si betri za gari la kawaida. Betri ya gari hutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache tu ili injini iwake, kisha hujazwa tena safarini. Ya kigari cha gofu hutakiwa kutoa nguvu kwa saa kadhaa, ishuke hata nusu, ichajiwe usiku, na kesho ianze upya. Ndiyo sababu sahani zake za madini ya risasi ni nene. Asili yake ni ile ile aliyoibuni Gaston Planté nchini Ufaransa mwaka 1859: risasi, asidi ya salfa na maji.

Nairobi imecheza gofu tangu 1906, ilipoanzishwa klabu ambayo mwaka 1935 ilipewa jina la Royal Nairobi. Uwanja wake hauko mbali na mtaa wa Kilimani, ng'ambo ya Barabara ya Ngong. Mifuko ya wachezaji ilibebwa na makedi tangu mwanzo, na makedi wapo mpaka leo. Kigari hakikumwondoa kedi. Kilimleta fundi wa betri, mtu ambaye jina lake halimo kwenye ubao wowote wa washindi.

Kazi yake huanza na nyaya. Betri hufungwa kwa mfululizo: chanya ya kwanza huunganishwa na hasi ya pili, chanya ya pili na hasi ya tatu, hivyo hivyo mpaka mwisho. Betri nane huhitaji nyaya saba za kuunganisha, na ncha mbili zinazobaki ndizo zinazokwenda kwenye mota. Kwa mpango huo volti hujumlishwa, lakini mkondo unaopita katika kila betri ni mmoja. Fundi asiyelielewa hilo anaweza kufunga nyaya bila kosa na bado akaharibu kazi, kwa sababu betri moja dhaifu huzibana zote saba zilizobaki. Ndiyo maana fundi makini hachanganyi betri mpya na kuukuu. Mwenye kigari hulalamika kuhusu gharama ya kubadilisha zote nane. Lakini akinunua moja, ile mpya itafuata uzee wa wenzake kabla ya wakati wake.

Waya wenyewe huwa wa shaba, nene, wa milimita mraba 25 au 35, na ncha zake hubanwa kwa koleo maalumu, si kwa nyundo. Kwenye kiungo ndipo penye hatari. Kigari kinapopanda mlima kinaweza kuvuta ampea 200. Kiungo kilicholegea au chenye kutu, kikiwa na ukinzani wa sehemu moja tu ya mia ya omu, hula volti mbili na kugeuza wati 400 kuwa joto. Hilo ni joto la kuyeyusha kichwa cha betri. Kwa hiyo fundi hukaza kila nati, hupaka grisi, na baada ya kigari kuzunguka hupapasa viungo kwa mgongo wa mkono akitafuta kinachochoma. Spana yake imezungushiwa utepe, na pete na saa ameziweka mfukoni kabla ya kuinua kiti. Chuma kikigusa chanya na hasi kwa pamoja, hakuna muda wa kukitoa.

Ukungu mweupe unaoota kwenye vichwa vya betri huoshwa kwa magadi yaliyokorogwa katika maji. Kwa fundi wa Nairobi bidhaa hii haitoki mbali, kwa kuwa Ziwa Magadi liko Kajiado. Magadi huua asidi, na ndiyo maana vifuniko lazima viwe vimefungwa: yakiingia ndani, yataiua asidi inayohitajika pia.

Kuna kosa moja linalostahili kutajwa peke yake, maana linafanywa hata na watu wenye ujuzi. Mwenye kigari hutaka redio au taa za volti 12, na fundi mwenye haraka huvuta waya kutoka betri mbili za kwanza. Taa huwaka vizuri. Baada ya miezi michache betri hizo mbili zimechoka kuliko sita zilizobaki, na mnyororo wote umepoteza usawa. Dawa ni kifaa cha kupunguza volti kinachochota kutoka betri zote nane kwa pamoja.

Kuchaji ndiko kunakotofautisha fundi na mfunga nyaya. Betri ya risasi haipendi kulala na njaa. Ikiachwa chini, fuwele za salfeti ya risasi huganda kwenye sahani na kuziba nafasi ya kuhifadhia nguvu, kwa hiyo kigari huchajiwa kila baada ya matumizi hata kama kimezunguka mashimo tisa tu. Chaja husukuma mkondo mkubwa kwanza, kisha hushikilia volti karibu 2.45 kwa kila seli huku mkondo ukipungua. Seli 24 za betri zote nane hufanya volti 59 hivi. Mwishoni betri huchemka na kutoa haidrojeni, gesi ambayo ikifika asilimia 4 ya hewa hungoja cheche tu. Chumba cha kuchajia chenye madirisha yaliyofungwa ni kosa la mwenye jengo, lakini wa kwanza kuumia ni fundi.

Maji ya betri huongezwa baada ya kuchaji, si kabla, isipokuwa sahani zimeachwa wazi. Betri inayochajiwa hufura maji yake, na iliyojazwa mapema hutapika asidi. Hali ya hewa nayo ina lake. Asubuhi za Julai jijini Nairobi ni baridi, na betri baridi hutaka volti zaidi kidogo ili ijae. Chaja isiyopima joto huiacha na upungufu. Pwani mambo hugeuka: joto la Kilifi huzeesha betri ile ile kwa kasi zaidi.

Wakati mwingine kigari kilichosahaulika kwa miezi huletwa, na chaja haitaki hata kuanza. Chaja nyingi hupima volti kwanza, na zikikuta kidogo mno hukaa kimya. Wengi hapo hutupa betri. Fundi mzoefu huchaji kila moja kivyake kwa chaja ndogo kwa saa moja au mbili, mpaka jumla ifike pale ambapo chaja kubwa itaitambua. Kisha huchukua haidromita, kipimo cha uzito wa asidi, na kupima seli moja moja. Asidi ya seli iliyojaa husoma 1.27 hivi, na ya iliyoshuka nusu husoma karibu 1.2. Husoma zote 24 na kuziandika kwenye daftari, na mwezi ujao hulinganisha. Huu ndio uzuri wa kazi hii: kujua, kati ya seli zinazofanana kwa macho, ni ipi inayoanza kuachwa nyuma.

Ujuzi huo hauishii uwanjani. Katika maghorofa ya Kilimani stima ikipotea, kama ilivyopotea karibu nchi nzima usiku wa tarehe 25 Agosti 2023, inverta nyingi huwa zinategemea betri zilizofungwa kwa kanuni hizi hizi. Betri za lithiamu zinaingia, nyepesi na zisizohitaji maji, zikiwa na kifaa cha ndani kinacholinda usawa wa seli. Kazi ya haidromita hapo imekwisha. Ya kukaza viungo na kuchagua chaja inayofaa imebaki.

Betri ya risasi iliyokufa bado ni sumu. Wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, walidhuriwa na kiwanda kilichoyeyusha betri kuukuu, na Phyllis Omido alipata Tuzo ya Mazingira ya Goldman mwaka 2015 kwa kukipinga. Mwenye kigari asimwage asidi mtaroni wala kumuuzia betri mpita njia mwenye mkokoteni. Betri irudishwe kwa mwenye leseni ya NEMA, mamlaka ya mazingira ya Kenya, ikiwa wima, na vifuniko vimefungwa.